Daktari amesema "utazoea": jinsi ya kuamua kama uuamini ushauri wake kuhusu madhara ya dawa

Kila wiki swali hili hunifikia kaunta, leo kwa sura hii, kesho kwa sura ile. "Daktari amesema ni kawaida, mbona basi miguu imevimba hivi?" "Ameniambia kikohozi hakitokani na dawa. Ni kweli?" "Yeye amesema nisiache, jirani anasema niache. Nimsikilize nani?" Mimi ni mfamasia, kazi yangu iko mtaa wa Umoja, Nairobi, na jibu la maana la maswali haya haliwezi kutoka kwa dakika mbili huku watu wanne wamepanga foleni nyuma yako. Ndiyo maana nimeliandika, ulisome ukiwa umetulia.

Wengi humpima daktari kwa mambo yasiyohusika: ni mzee au kijana, alitabasamu au alikunja uso, kliniki yake iko Upper Hill au iko ghorofani juu ya duka la simu. Hayo hayakuambii kama ushauri ni sahihi. Mimi hutazama jambo moja kabla ya mengine: je, aliuliza kabla hajajibu? Hata awe bingwa, daktari hawezi kujua kama kizunguzungu chako kimeletwa na dawa ikiwa hajui ulianza lini kuimeza, unameza kiasi gani, na unameza nini kingine. Ushauri hauwezi kuzidi habari alizokuwa nazo aliyeutoa. Kwa hiyo nusu ya kazi iko mikononi mwako, na hatua za kwanza hapa chini zinakuhusu wewe, si yeye.

Majina ya dawa nimeyaandika yanavyotamkwa. Kwenye pakiti utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza, lakini utayatambua.

Kabla ya yote: dalili zisizongoja

Ukiona mojawapo ya hizi, acha kusoma. Nenda hospitali iliyo karibu, iwe usiku au mchana, na ubebe pakiti za dawa:

- midomo, ulimi au uso umevimba, au pumzi inabana;
- upele wenye malengelenge au ngozi inayobanduka, hasa ukiwa pia na vidonda mdomoni, macho mekundu au homa;
- macho yamekuwa ya manjano, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi;
- unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami (vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hilo waambie hospitalini, usijiamulie nyumbani);
- umezimia, umepata degedege, moyo unadunda ovyo, au unapata mawazo ya kujiua.

Kwa uvimbe wa uso, upele wa aina hiyo na macho ya manjano, usimeze dozi nyingine kabla hujaonwa. Nasisitiza uvimbe wa midomo na ulimi kwa sababu enalaprili na dawa za jamii yake, ambazo hutumiwa sana kwa presha, zinaweza kuuleta hata baada ya miezi au miaka ya kuzimeza bila shida, na sisi watu weusi hutupata zaidi. Mtu husema, "Haiwezi kuwa dawa, nimeitumia mwaka mzima." Inaweza.

Mapokezi wakikuzungusha juu ya pesa, wakumbushe kwamba kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Vitu vya kuwa navyo

- Dawa zote unazotumia, ndani ya pakiti zake. Hata za kikohozi, hata za mitishamba, hata sindano ya kupanga uzazi uliyochomwa miezi miwili iliyopita (iandike kwenye karatasi).
- Kadi au kitabu chako cha kliniki, na matokeo ya vipimo vya damu kama unayo, hasa vya figo na ini.
- Daftari na kalamu.
- Simu ya kupiga picha. Upele una tabia ya kupotea asubuhi ya siku ya kliniki.
- Mtu mmoja unayemwamini wa kuingia naye kwa daktari. Masikio mawili yenye wasiwasi husikia nusu.

Hatua ya 1. Andika kinachokusumbua, pamoja na tarehe

"Sijisikii vizuri tangu nianze hii dawa" haimsaidii daktari, wala mimi. Andika namna hii:

*Jumatatu tarehe 3: nimeanza dawa mpya ya presha, kidonge 1, baada ya chai ya asubuhi.*
*Alhamisi tarehe 20: viatu vinabana jioni. Nikibonyeza kifundo cha mguu kidole kinaacha shimo.*
*Ijumaa tarehe 21: nimeamka uvimbe umepungua. Jioni umerudi. Miguu yote miwili sawa. Pumzi iko sawa.*

Mistari hii mitatu inasema mengi. Uvimbe ulikuja baada ya dawa, si kabla. Uko miguu yote miwili, unazidi jioni, unapungua ukilala, na hauambatani na shida ya kupumua. Hivyo ndivyo amlodipini, dawa ya presha, inavyovimbisha miguu. Uvimbe wa mguu mmoja wenye maumivu ni habari nyingine kabisa, na unataka kuonwa siku hiyo hiyo, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa.

Angalia sana mpangilio wa wakati. Kilichokuwepo kabla ya dawa hakikuletwa na dawa, ingawa dawa inaweza kukizidisha. Lakini usidhani kila madhara huja wiki ya kwanza. Tumbo la mtu anayemeza metformini, dawa ya sukari, huchafuka mwanzoni kabisa na mara nyingi hutulia baada ya wiki chache. Kikohozi cha enalaprili kinaweza kusubiri miezi. Ganzi miguuni inayotokana na upungufu wa vitamini B12 kwa mtu wa metformini huja baada ya miaka, na watu wengi huishia kuambiwa tu kwamba ni sukari.

Hatua ya 2. Weka dawa zote mezani

Usiiruke hatua hii. Mama mmoja wa makamo alikuja kwangu na kiondo kidogo, amekasirika. Daktari wake alikuwa amemwambia uvimbe wa miguu ni kawaida kwa dawa yake, autazame kwa wiki mbili. Yeye aliona amepuuzwa. Nikamwomba aniwekee kila kitu kaunta. Zikatoka pakiti mbili, moja ya bluu aliyopewa hospitalini, nyingine nyeupe aliyonunuliwa na mwanawe mjini dawa za hospitali zilipochelewa. Majina makubwa ya mbele yalikuwa tofauti kabisa. Nikazigeuza, nikamwonyesha maandishi madogo chini ya jina. Zote mbili ziliandikwa amlodipini, miligramu 10. Alikuwa anameza moja asubuhi na nyingine jioni, akiamini ni dawa mbili tofauti. Kipimo cha juu cha amlodipini kwa siku ni miligramu 10. Yeye alikuwa anapata 20.

Je, daktari alikosea? Aliyosema yalikuwa sahihi kwa mgonjwa anayemeza miligramu 10. Hakuwa na mgonjwa huyo mbele yake.

Basi geuza kila pakiti na utafute jina dogo, jina halisi la dawa. Yakifanana, umepata tatizo. Tazama pia vitu ambavyo watu hawaviiti dawa: diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya mgongo, ambazo hupandisha presha, huumiza figo na huchubua tumbo, dawa za mafua ambazo nyingi zina parasetamoli ndani, huku ukiwa unameza parasetamoli nyingine pembeni, unga wa mizizi kutoka kwa mganga, hata balungi, ambalo huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa za kolesteroli kama simvastatini, hivyo dawa hujaa kwenye damu.

Sasa jiulize: daktari alipokushauri, alijua yote haya? Kama hakujua, ushauri wake bado haujapimika. Usiseme ni mbaya, usiseme ni mzuri. Mrudie na orodha kamili.

Hatua ya 3. Usiache dawa huku unaamua

Isipokuwa kwa zile dalili nilizosema usimeze dozi nyingine, endelea na dawa mpaka upate jibu, na ulitafute upesi. Baadhi ya dawa zikikatwa ghafla huleta hatari kubwa kuliko madhara uliyokuwa unayakimbia. Dawa za kifafa zikikatwa, kifafa hurudi kwa nguvu. Prednisoloni (ya pumu na uvimbe) iliyotumika wiki nyingi ikikatwa, mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake na mtu anaweza kuanguka. Atenololi na propranololi, dawa za presha na moyo, zikikatwa, moyo huenda mbio. ARV na dawa za kifua kikuu zikiruka-rukwa, vijidudu hujifunza kuzishinda. Dawa za sonona hupunguzwa polepole.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni mtu kuacha dawa ya presha kimya kimya, kisha kwenda kliniki na kusema anaimeza. Daktari anaona presha iko juu, anaongeza dawa ya pili. Mtu huyo akianza kumeza zote mbili siku moja, anaanguka bafuni. Kama umeacha, sema umeacha.

Hatua ya 4. Soma karatasi ya ndani ya pakiti, lakini ijue kuisoma

Ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane inatisha kwa sababu inaorodhesha mambo mengi bila kukuambia yapi yatakufikia. Maneno yake yana maana maalumu. "Ya kawaida sana" ni mtu 1 au zaidi kati ya 10. "Ya kawaida" ni kati ya mtu 1 kwa 100 na 1 kwa 10. "Si ya kawaida" ni kati ya 1 kwa 1,000 na 1 kwa 100. "Nadra" ni kati ya 1 kwa 10,000 na 1 kwa 1,000. "Nadra sana" ni chini ya hapo. Kwa hiyo hata jambo lililoandikwa "la kawaida" linaweza kuwapita watu 90 na zaidi kati ya 100.

Hata neno letu lenyewe linachangia hofu. Tunasema "madhara" kwa kila kitu ambacho dawa hufanya nje ya kazi yake, ilhali vingine havidhuru. Rifampisini ya kifua kikuu hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa rangi ya chungwa. Mgonjwa asiyeambiwa hudhani anakojoa damu na kuacha matibabu, na hapo tumempoteza kwa jambo lisilodhuru hata kidogo. Daktari aliyekuonya mapema kuhusu mkojo huo, kisha ukauona, amekupa sababu nzuri ya kumwamini kwa mengine.

Hatua ya 5. Gawanya jibu la daktari mafungu matatu

Ushauri kuhusu madhara huwa na mambo matatu ndani yake, na unaweza kuamini moja na kulihoji jingine:

a) Je, hali hii inatokana na dawa?
b) Ni hatari, au inakera tu?
c) Tufanye nini: tuvumilie, tupunguze dozi, tubadilishe wakati wa kumeza, au tubadilishe dawa?

"Ni kawaida, utazoea" imejibu (b) na (c) kwa haraka, na (a) kwa kudokeza tu. Inaweza kuwa sahihi yote. Lakini dai kila fungu lisimame peke yake.

Kwa fungu la (a), sikiliza alivyofikia jibu. Tangu 1981 madaktari wana orodha ya maswali 10, inayoitwa Naranjo, ya kupima kama tatizo limeletwa na dawa. Huhitaji kuikariri, ila kiini chake ni hiki: tatizo lilianza baada ya dawa? Linajulikana kwa dawa hii? Lilipungua dawa ilipoachwa? Lilirudi ilipoanzishwa tena? Kuna sababu nyingine inayoweza kulieleza? Daktari aliyegusa hata matatu ya hayo amefanya kazi. Aliyejibu "hapana, si dawa" bila kuuliza hata moja hajakupa ushauri bado, hata akiwa na ofisi nzuri namna gani.

Hili nililijua kwa uchungu kabla hata sijamaliza masomo. Baba yangu alikohoa miezi mitano. Kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, kibaya zaidi usiku. Katika kliniki moja alipewa antibiotiki mara tatu, akapigwa picha ya kifua, akapimwa makohozi, kila kitu safi. Kila mara aliambiwa ni baridi. Akaanza kulala sebuleni akiwa ameketi ili asimwamshe mama. Siku moja nesi aliyekuwa anampima presha tu alimwuliza, "Mzee, unameza dawa gani?" Akataja enalaprili. Nesi akaandika barua fupi kwa daktari mwingine, dawa ikabadilishwa kuwa losatani, dawa nyingine ya presha, na baada ya kama wiki tatu nyumba ikawa kimya usiku. Kikohozi cha enalaprili kinajulikana mno, kimo kwenye kila kitabu cha dawa. Hakuna aliyekosa elimu pale. Lilikosekana swali moja.

Kwa fungu la (b), dai mpaka. Ushauri wa kuaminika hukuambia pia ni lini usiufuate: "Uvimbe huu hauna hatari, lakini ukianza kukosa pumzi, au mguu mmoja ukizidi mwingine, njoo mara moja." Anayesema tu "usijali" amekuacha gizani.

Kwa fungu la (c), kuna karibu kila mara zaidi ya njia moja. Metformini inaweza kumezwa pamoja na chakula, kuanzwa kwa dozi ndogo, au kubadilishwa kwa ile inayoyeyuka polepole. Kipimo cha amlodipini kinaweza kushushwa. Doksisaiklini (antibiotiki) inayochoma kifua pengine inataka tu glasi nzima ya maji, na usilale mara baada ya kuimeza. Isoniazidi (ya kifua kikuu) inayotia ganzi miguuni hutolewa pamoja na vitamini B6. Daktari anayekupa njia moja tu, mwulize kwa nini nyingine hazifai. Mara nyingi ana sababu nzuri ambayo hakuitaja.

Hatua ya 6. Rudi na uulize, kwa heshima na kwa karatasi mkononi

Tunalelewa tusimhoji daktari, na katika foleni ya hospitali ya umma hata ukitaka, dakika zenyewe hazipo. Kwa hiyo andika maswali manne, si kumi, na uyaseme mwanzoni kabla hajaanza kuandika:

"Daktari, naomba unisaidie kuelewa. Nimeandika siku hali hii ilipoanza, na hizi hapa dawa zangu zote. Unadhani inatokana na ipi?"
"Nikiona nini, nije bila kungoja tarehe ya kliniki?"
"Nivumilie mpaka lini?"
"Isipoisha, hatua inayofuata ni ipi?"

Hujamkosea mtu adabu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze njia za matibabu zilizopo, faida na hatari zake, na pale inapowezekana akueleze kwa lugha unayoielewa. Kama Kiingereza cha hospitalini kinakupita, sema: "Daktari, naomba kwa Kiswahili."

Kabla ya kutoka, rudia ulichosikia kwa maneno yako: "Kwa hiyo niendelee na nusu kidonge, nirudi baada ya wiki mbili, na nikivimba uso nije siku hiyo. Ni sawa?" Makosa mengi hunaswa hapo hapo mlangoni.

Hatua ya 7. Tafuta maoni ya pili pale panapostahili

Si kila kichefuchefu kinataka daktari wa pili. Mtafute kama daktari wa kwanza hakuuliza chochote, kama hali inazidi baada ya muda aliokupa, kama dawa ni ya maisha yote, au kama una mimba, ugonjwa wa figo au wa ini. Hati ya haki za wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 inakupa haki ya maoni ya pili.

Anza na mfamasia, maana ni bure na dawa ndiyo kazi yetu. Lakini uliza kwanza, "Mfamasia yupo?" Anayekuhudumia kaunta huenda ni muuzaji tu. Ukienda kwa daktari wa pili, mpe daftari lako na pakiti, na usimwambie mwenzake alisema nini mpaka aseme lake. Ukianza na "yule amesema si dawa," unamvuta kukubali au kupinga.

Kama una shaka kuhusu mtu mwenyewe, hakiki usajili. Madaktari wamo kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambayo unaweza kuitafuta mtandaoni kwa jina. Maafisa wa kliniki, ambao wengi wetu tunawaita daktari vilevile na ambao wengi wao ni hodari sana, wana baraza lao. Asiyeonekana popote, usimeze dawa yake.

Hatua ya 8. Amua, na uweke tarehe

Andika kwenye daftari: nimeamua kufuata ushauri huu mpaka tarehe fulani, nikitazama jambo fulani. "Utazoea" bila tarehe ni kukuacha tu. Kwa tumbo la metformini, wiki chache zinatosha kujua. Kwa kikohozi baada ya kubadilisha enalaprili, kwa kawaida wiki 1 hadi 4, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi 3. Tarehe ikifika na hali ni ile ile, rudi bila aibu. Daktari mzuri atafurahi kuona daftari.

Hatua ya 9. Ripoti

Kama wewe na mhudumu mnashuku ni dawa, mwombe ajaze ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu, au uripoti mwenyewe kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Ofisi zao ziko barabara ya Lenana. Fomu ya njano ni ya madhara. Ya waridi ni ya dawa unayoshuku ubora wake, kwa mfano kidonge kinachovunjika au kilichobadilika rangi. Huhitaji kuwa na uhakika, kushuku kunatosha. Kenya ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa mwaka 2010, na ripoti za nchi wanachama hukusanywa Uppsala, Uswidi. Kwa njia hiyo, madhara ambayo daktari mmoja wa Kayole ameyaona mara moja hukutana na mengine kumi ya kwingineko.

Ukikwama

*Daktari amekasirika nilipouliza.* Mkasirikie kidogo tu moyoni, kisha tenganisha hasira yake na jibu lake. Huenda ameona wagonjwa 60 tangu asubuhi. Kama baada ya hasira amejibu yale mafungu matatu, ushauri unaweza kuwa mzuri. Kama hasira ndiyo jibu lenyewe, nenda hatua ya 7.

*Kila nikienda kliniki nakuta daktari mwingine.* Daftari lako ndilo daktari wako wa kudumu. Mwombe kila mmoja aandike kwenye kadi madhara uliyoripoti, si dawa tu.

*Madaktari wawili wamepingana.* Waulize wote wawili swali moja: "Umeegemea nini?" Mara nyingi mmoja alikuwa na kipimo cha damu ambacho mwingine hakukiona. Na wakati mwingine ni elimu yenyewe iliyobadilika. Mwaka 2018 wanawake wenye virusi vya ukimwi waliambiwa dolutegraviri, mojawapo ya ARV, inaweza kudhuru mtoto tumboni, kwa sababu ya matokeo ya awali ya utafiti wa Botswana, na wengi walinyimwa dawa iliyo bora. Wanawake wakapaza sauti kwamba wao ndio wa kuamua. Watoto zaidi walipohesabiwa, hofu ikapungua, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wote. Aliyekushauri 2018 na aliyekushauri 2020 wangeweza kusema tofauti, na kila mmoja akawa mkweli kwa aliyoyajua.

*Ameniambia ni mawazo yangu tu.* Hili linaumiza, na mara nyingi husemwa vibaya. Lakini lina ukweli ndani yake ambao haupaswi kutumiwa kukunyamazisha. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2020, watu 60 waliokuwa wameacha dawa za kolesteroli kwa sababu ya madhara walipewa miezi ya dawa halisi, miezi ya vidonge vitupu na miezi bila kidonge. Sehemu kubwa sana ya maumivu yao, kama asilimia 90, ilitokea hata kwa vidonge vitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila chanzo hakikuwa kemikali ya dawa. Mwambie daktari: "Sawa, tujaribu kuthibitisha." Mnaweza kupanga pamoja kusimamisha dawa kwa muda, kama ni dawa inayoruhusu, kisha kuirudisha, huku unaandika.

*Sina nauli ya kurudi kabla ya tarehe.* Piga simu kliniki kama namba iko kwenye kadi, au nenda zahanati ya karibu ukaonwe na nesi na daftari lako. Presha na sukari hupimwa hapo pia. Nami ukinijia na pakiti zako zote, nitazigeuza moja moja pamoja nawe.

*Kwenye kundi la WhatsApp wameandika dawa hii inaua figo.* Tafuta jina la dawa, dozi na mgonjwa wa aina gani. Enalaprili, kwa mfano, huwasaidia watu wengi wa sukari kulinda figo, lakini mtu huyo huyo akiharisha na kutapika siku tatu, maji yameisha mwilini, inaweza kuziumiza. Uliza daktari wako kuhusu siku kama hizo, kabla hazijafika.